Je, Wajua? Mpira Ukichakachuliwa, Adhabu Hupimwa kwa Mizani Gani?

Ukitoka Embu mjini ukapanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, utafika Kigari, penye chuo cha walimu cha St. Mark's. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi hapo kabla ya mashindano ya dunia. Wanariadha walilala katika mabweni ya chuo, wakaamka kungali giza, wakakimbia kwenye barabara za udongo mwekundu katikati ya majani chai. Matokeo yake yameandikwa: timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003.

Huku kwetu Meru na Embu basi, riadha tunaijua, na soka tunaijua. Kriketi wengi wetu huiona kwenye televisheni tu, tukitafuta chaneli nyingine. Lakini kuna swali ambalo kriketi imelibeba kwa zaidi ya miaka 40 bila kulipatia jibu, na linamhusu kila anayependa mchezo wowote: mtu akidanganya uwanjani, aadhibiwe kiasi gani, na nani aamue?

Je, wajua kwamba mfalme wa mbio za nyika alifungiwa miaka 4 bila kukutwa na dawa yoyote?

John Ngugi alikuwa bingwa wa dunia wa nyika mara 5 (1986, 1987, 1988, 1989 na 1992), na kati ya hapo akanyakua dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Seoul, 1988. Februari 1993 mpimaji wa shirikisho la riadha duniani alifika nyumbani kwake bila taarifa akitaka mkojo. Ngugi alikataa. Alieleza kuwa hakumfahamu mgeni yule, na kwamba hakuna aliyekuwa amemweleza kuhusu vipimo vya kushtukiza nje ya mashindano. Kukataa kupimwa kulihesabiwa sawa na kukutwa na dawa, akafungiwa miaka 4. Baadaye shirikisho liliipunguza adhabu hiyo kwa kukubali kwamba mazingira yake yalikuwa ya kipekee, lakini miguu ya mkimbiaji haimsubiri hakimu. Hakushinda tena taji kubwa.

Je, wajua kwamba nahodha aliyeuma mpira mbele ya kamera alifungiwa mechi 2 tu?

Tarehe 31 Januari 2010, mjini Perth, Pakistan ilikuwa ikicheza na Australia mechi ya siku moja. Nahodha wa siku hiyo, Shahid Afridi, aliupeleka mpira mdomoni akauuma kama mtu anayemenya muwa. Kamera zilimwona, dunia ikamwona. Mwanzoni alisema alikuwa akiunusa. Kisha akakiri. Adhabu yake ilikuwa mechi 2 za T20, aina fupi ya kriketi.

Wawili hawa walicheza michezo tofauti yenye vitabu tofauti vya sheria, na najua mwanasheria atasema hawalinganishiki. Mimi nawaweka pamoja kwa sababu shabiki huwaweka pamoja. Mmoja alikataa kumpa mkojo mtu asiyemjua, akapewa miaka 4. Mwingine aliutia meno mpira wa mchezo mbele ya macho ya mamilioni ya watu, na baada ya wiki chache alikuwa uwanjani.

Je, wajua kwamba gongo moja la kupigia mpira lililotumika Nairobi lilipita katika mikono mitatu, na yote mitatu iliadhibiwa baadaye kwa mambo ya mpira?

Afridi huyohuyo alijulikana duniani akiwa Kenya. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, alifikisha mikimbio 100, yaani pointi za kriketi, dhidi ya Sri Lanka kwa kupiga mipira 37 pekee. Rekodi hiyo ya mechi za siku moja ilidumu miaka 17 na zaidi, hadi 1 Januari 2014. Wakati huo aliandikishwa kuwa na umri wa miaka 16. Katika kitabu cha maisha yake cha 2019 alisema mwenyewe kwamba alizaliwa 1975, kwa hiyo alikuwa mkubwa kuliko karatasi zilivyosema.

Gongo alilotumia halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, ambaye alikuwa amempa Waqar Younis wa Pakistan ili mafundi wa Sialkot, mji unaosifika kwa vifaa vya michezo, wamtengenezee la kufanana nalo. Waqar akamwazima kijana siku ile.

Sasa tazama yaliyofuata. Julai 2000, nchini Sri Lanka, Waqar akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya kriketi ya kimataifa kufungiwa mechi kwa kuharibu mpira: mechi 1. Novemba 2001, nchini Afrika Kusini, Tendulkar alipewa adhabu ya kukosa mechi 1, iliyoahirishwa kwa masharti, kwa kusafisha mshono wa mpira bila kumwita mwamuzi. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Afridi na meno yake. Wachezaji watatu, mpira uleule mwekundu au mweupe, na kila mmoja akapimiwa kwa kipimo tofauti.

Je, wajua kwa nini mtu ahangaike kuukwaruza mpira?

Mpira wa kriketi ni kitu kidogo, kizito na kigumu. Ndani una kiini cha koki kilichozungushiwa nyuzi. Nje una ngozi iliyoshonwa katikati kwa safu 6 za uzi zinazoinuka kama kovu. Kwa wanaume, sheria inataka uwe na uzito kati ya gramu 155.9 na 163. Ukiwa mpya hung'aa. Mrushaji akiuachia ukiwa na mshono umeelekezwa pembeni kidogo, hewa hupita pande mbili kwa namna mbili. Upande laini, hewa huteleza kwa utulivu na kuachana na mpira mapema. Upande wa mshono, hewa huvurugika, na hewa iliyovurugika hung'ang'ania mpira kwa muda zaidi. Mpira husukumwa upande huo, ukapinda hewani bila kugusa chini.

Ndiyo maana utawaona wachezaji wakisugua upande mmoja wa mpira kwenye suruali saa nzima. Hiyo ni halali kabisa. Wanaulinda ulaini wa upande mmoja huku upande wa pili ukichakaa wenyewe kwa kugonga ardhi.

Miaka ya 1970, Sarfraz Nawaz wa Pakistan aligundua jambo la ajabu zaidi. Mpira uliozeeka, upande mmoja umekauka na kukwaruzika na mwingine bado unang'aa, ukirushwa kwa kasi kubwa huacha njia iliyozoeleka na kupinda kinyume, kuelekea upande unaong'aa, tena mwishoni mwa safari yake. Alimfundisha Imran Khan, na maarifa hayo yakawafikia Wasim Akram na Waqar. Mpigaji anayesubiri mpira wa kilomita 140 kwa saa ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Ukimgeukia kinyume cha alivyotarajia, kigingi anachokilinda kimeanguka kabla hajashusha gongo.

Ufundi huo ni halali na ni mzuri kuutazama. Tatizo ni kwamba mpira huchukua muda kuzeeka, na wapo wasioweza kusubiri. Hapo ndipo huingia ukucha, kizibo cha chupa, zipu ya suruali, udongo, peremende na msasa.

Imran Khan mwenyewe alikiri 1994 kwamba mwaka 1981, katika mechi ya majimbo nchini Uingereza, alitumia kizibo cha chupa kuukwaruza mpira. Hakuadhibiwa kwa hilo. Mwaka 2018 akawa waziri mkuu wa Pakistan.

Je, wajua kwamba sheria yenyewe ni fupi na ya wazi?

Unaruhusiwa kuusugua mpira mradi usitumie kitu cha kutengenezwa wala kupoteza muda. Unaruhusiwa kuukausha kwa taulo lililokubaliwa na waamuzi. Unaruhusiwa kuondoa matope, mwamuzi akikuangalia. Zaidi ya hapo ni kuchakachua, na timu inayopiga hupewa mikimbio 5.

Mikimbio 5, katika mchezo ambao timu moja huweza kufunga 400! Kila nikisoma kifungu hicho naona ni kidogo mno kumzuia mtu aliyekwisha kuamua.

Na ugumu hauko kwenye kifungu, uko kwenye ushahidi. Wafugaji wa Imenti na Runyenjes wanajua jinsi maziwa yanavyopokelewa. Karani humimina kidogo katika chombo kirefu, akatumbukiza laktomita, akangoja itulie. Ikisimama kati ya 28 na 32 hivi, maziwa yanapita. Ikizama chini ya hapo, kuna aliyeongeza maji, na mkebe hurudi nyumbani, uwe wa mzee wa kanisa au wa kijana asiye na jina. Kriketi haina laktomita. Waamuzi wana pete za chuma za kupimia kama mpira umetanuka au kuharibika umbo, lakini hakuna chombo kinachosema mkwaruzo huu ni wa ardhi na huu ni wa ukucha. Hutazama kwa macho, wakashauriana, wakaamua. Panapokosekana kipimo, huingia sura ya mtuhumiwa, nchi yake, na kelele za siku hiyo.

Je, wajua kwamba nahodha mmoja alitozwa faini mara mbili kwa tukio moja, na ilikuwa haki?

Julai 1994, uwanja wa Lord's, London, kamera zilimnasa nahodha wa Uingereza Mike Atherton akitoa kitu mfukoni na kukipaka mpira. Kilikuwa udongo mkavu. Alisema alitumia kukausha mikono. Kamishna wa mechi alipomuuliza mwanzoni, hakumweleza habari ya udongo. Mkuu wa wateuzi wa timu, Ray Illingworth, alimtoza pauni 2,000: pauni 1,000 kwa udongo, na 1,000 kwa kutosema ukweli wote.

Katika kesi zote nilizozisoma, hii ndiyo ninayoikubali zaidi, ingawa fedha yenyewe ilikuwa ndogo na aliyehukumu alikuwa wa timu yake. Kitendo kilipewa bei yake na uongo ukapewa bei yake. Yeyote aliyesoma magazeti siku iliyofuata alijua Atherton alilipia nini.

Je, wajua kwamba peremende iligharimu nusu ya malipo mara moja, na malipo yote mara nyingine?

Januari 2004, Brisbane, Rahul Dravid wa India alionekana akipaka mpira peremende aliyokuwa akiimung'unya. Alikatwa nusu ya malipo ya mechi. Novemba 2016, Hobart, Faf du Plessis, nahodha wa Afrika Kusini, alipaka mate yenye peremende. Alikatwa malipo yote. Wote wawili hawakufungiwa hata mechi moja. Miaka 3 kabla, mjini Dubai, du Plessis alikuwa ameshaadhibiwa kwa kusugua mpira kwenye zipu ya suruali, kwa hiyo kumwongezea kulikuwa na sababu. Lakini kama kosa la pili la mtu yuleyule halimtoi uwanjani, la tatu litamtisha nini?

Je, wajua kwamba mechi nzima ya Test, ile kriketi ya siku nyingi, ilivuliwa hadhi kwa sababu ya ugomvi wa adhabu?

Kamishna aliyemwadhibu Tendulkar 2001, Mike Denness, aliwaadhibu Wahindi 6 katika mechi moja ya Port Elizabeth. India ilichafuka, watu wakaingia barabarani. Bodi za India na Afrika Kusini zikakataa Denness asimamie mechi iliyofuata, zikaweka mtu mwingine, na Baraza la Kriketi la Kimataifa likaivua mechi hiyo hadhi ya Test. Wachezaji walicheza kwa jasho lao, na takwimu zao hazikuhesabiwa. Baraza lilifafanua kuwa Tendulkar hakutiwa hatiani kwa kuchakachua mpira, bali kwa kuusafisha bila usimamizi wa mwamuzi. Ufafanuzi huo wachache waliusikia.

Wahindi hao 6 wote walikuwa na mabilioni ya macho nyuma yao na bodi tajiri kuliko zote duniani. Naamini walikuwa na hoja ya kweli. Najiuliza tu kama nchi ndogo ya kriketi, Kenya kwa mfano, ingeweza kumwondoa kamishna kwa kugoma.

Je, wajua kwamba timu ilipoteza mechi kwa kugomea kosa ambalo baadaye halikuthibitika?

Tarehe 20 Agosti 2006, uwanja wa Oval, London, waamuzi Darrell Hair na Billy Doctrove waliamua kuwa Pakistan imechakachua mpira. Uingereza ikapewa mikimbio 5, mpira ukabadilishwa. Baada ya mapumziko ya chai Pakistan ilikataa kutoka chumbani. Waamuzi waliingia, wakangoja, kisha wakaviondoa vijiti vya juu ya vigingi: mechi imekwisha, Uingereza imeshinda. Hiyo ndiyo Test pekee katika historia iliyotolewa ushindi kwa timu moja kugoma.

Mwezi uliofuata kikao cha nidhamu kilimsafisha nahodha Inzamam-ul-Haq juu ya kuchakachua. Ushahidi haukutosha. Lakini alifungiwa mechi 4 za siku moja kwa kuudhalilisha mchezo, yaani kwa kugoma. Fikiria: aliyelalamika kwa nguvu alipata adhabu kubwa kuliko Waqar aliyetiwa hatiani. Mwaka 2008 matokeo ya mechi yakageuzwa kuwa sare. Mwaka 2009 yakarudishwa kuwa ushindi wa Uingereza. Watu wazima waliokaa vikao kwa zaidi ya miaka 2 hawakuweza kukubaliana nani alishinda.

Je, wajua kwamba kuchakachua kulikoadhibiwa vikali kuliko kote hakukuacha alama ambayo waamuzi waliiona?

Hii ndiyo kesi kubwa. Tarehe 24 Machi 2018, Cape Town, siku ya tatu ya Test kati ya Afrika Kusini na Australia. Cameron Bancroft, kijana wa Australia aliyekuwa amecheza Test chache tu, alionekana kwenye skrini kubwa ya uwanja akiwa na kitu cha manjano kiganjani, kisha akakisukuma ndani ya suruali yake. Waamuzi walimfuata, akawatolea kitambaa cheusi cha kufutia miwani. Waliutazama mpira, hawakuona sababu ya kuubadilisha wala ya kutoa mikimbio 5, mchezo ukaendelea.

Jioni Bancroft na nahodha Steve Smith waliwaambia waandishi kwamba ilikuwa utepe wa kunata uliochafuliwa kwa mchanga. Baadaye ilijulikana ni msasa, karatasi ileile ambayo fundi wa huku kwetu Gakoromone husugulia mguu wa meza kabla ya kupaka vanishi. Makamu wa nahodha, David Warner, ndiye aliyeipanga hila na kumwonyesha kijana namna ya kuifanya.

Baraza la kimataifa lilitumia kitabu chake. Smith: mechi 1 na malipo yote ya mechi. Bancroft: robo tatu ya malipo na alama 3 za nidhamu, bila kufungiwa. Kwa kitabu cha wakati huo, hapo ndipo mambo yalipoishia.

Nchini kwao ndiko moto ulikowaka. Waziri mkuu alitoka hadharani kulaani. Mdhamini mkubwa akavunja mkataba. Siku chache baadaye bodi ya Australia ikatoa adhabu yake: Smith na Warner miezi 12 kila mmoja, Bancroft miezi 9. Warner akaambiwa hatakuwa kiongozi wa timu yoyote ya Australia maisha yake yote. Ligi tajiri ya India nayo ikawafungia mlango Smith na Warner mwaka huo. Kocha Darren Lehmann alijiuzulu. Smith alitua Sydney akalia mbele ya kamera, baba yake amemshika bega.

Je, ilikuwa haki? Nimeitafakari sana kesi hii na nitasema ninavyoona. Kwa msasa pekee, mwaka mzima ulikuwa mwingi, kwa sababu wenzao waliofanya hayohayo walilipa faini wakaendelea kucheza. Ila hawakufungiwa kwa msasa pekee. Walipanga mapema, wakamtumia mdogo wao, na wakasema uongo kwa mwamuzi na kwa umma. Hayo yalistahili adhabu nzito, na uzito zaidi uwaangukie wakubwa, kama ulivyowaangukia. Kasoro ni kwamba bodi haikugawa: miezi mingapi ya msasa, mingapi ya uongo, mingapi ya kumtuma kijana? Yote yalifungwa katika furushi moja. Nani ajuaye ni miezi mingapi iliyokuwa ya mdhamini aliyeondoka?

Na adhabu ya maisha kwa Warner nilidhani tangu mwanzo ni makosa, kwa sababu haikuacha njia ya kurudi. Ilifutwa Oktoba 2024. Msimu uliofuata Warner aliiongoza Sydney Thunder, na miongoni mwa wachezaji wake alikuwemo Bancroft.

Je, wajua kwamba Mkenya alifungiwa miaka 5, na mpira hakuugusa?

Maurice Odumbe alikuwa nahodha wa Kenya siku ya 29 Februari 1996, Kenya ilipoishangaza West Indies kwenye Kombe la Dunia mjini Pune, India. Kenya ilifunga 166. West Indies, mabingwa wa zamani, wakaanguka kwa 93. Odumbe alitoa wapigaji 3 kwa mikimbio 15 akawa mchezaji bora. Agosti 2004 alifungiwa miaka 5 baada ya uchunguzi ulioongozwa na jaji kutoka Zimbabwe, kwa kuhusiana na mtu wa kamari na kupokea fedha zake. Alikana. Alirudi uwanjani 2009, akiwa na miaka 40.

Kriketi huchukulia kamari kuwa dhambi kubwa kuliko kuchakachua mpira, na naelewa: anayeuza mechi anataka timu yake ishindwe, anayechakachua anataka ishinde. Lakini tofauti kati ya mechi 2 na miaka 5 ni bonde pana mno, na katika bonde hilo mtazamaji hupoteza imani.

Ni kweli kwamba tangu 2018 bonde limepungua. Miezi michache baada ya Cape Town, baraza lilipandisha kuchakachua mpira hadi daraja la 3, ambako adhabu inaweza kufika Test 6 au mechi 12 za siku moja. Aliyeionja kanuni mpya alikuwa Nicholas Pooran wa West Indies, Novemba 2019 mjini Lucknow: aliukwaruza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, akakiri, akafungiwa mechi 4 za T20. Mara mbili ya Afridi, na bado chini sana ya Smith.

Je, wajua kwamba Ameru wana baraza ambalo wanakriketi wangelikalia wakajifunza jambo?

Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, lina makao yake Nchiru, Tigania, na kule Embu wapo wazee wa Nyangi Ndiiriri. Faini za Njuri tangu jadi hulipwa kwa mifugo: mbuzi, kondoo, fahali. Aliyekosewa husikilizwa, aliyekosa husikilizwa, na wazee huamua kwa pamoja. Anayelipa hurudi kuwa mtu wa nyumbani. Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi haki za watu zisivunjwe.

Silitaji baraza hili kana kwamba halijawahi kukosea. Limekosea, hasa kwa wanawake ambao kwa vizazi hawakuwa na kiti humo. Nalitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo kriketi haina: anayeadhibiwa anajua deni lake ni nini na anajua siku atakayokuwa amemaliza kulilipa. Atherton alijua. Warner kwa miaka 6 hakujua. Ngugi, nyumbani kwake, alihukumiwa kwa kanuni ambayo alisema hakuna aliyemsomea.

Je, wajua kwamba mate ya mrushaji yalikuwa halali zaidi ya miaka 100, kisha yakawa kosa, na sasa yanategemea uko mashindano gani?

Kutema mate kidogo kwenye kidole na kung'arisha mpira ni desturi ya zamani katika kriketi. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ilikatazwa kwa muda: timu ionywe hadi mara 2 kwa kila zamu, na ikirudia tena, mikimbio 5. Oktoba 2022 katazo likawa la kudumu. Warushaji walilalamika, hasa wa mpira wa kupinda kinyume, kwamba jasho peke yake haling'arishi vya kutosha. Mohammed Shami wa India aliomba hadharani mate yarudishwe.

Machi 2025 ligi kuu ya India ikayarudisha. Kwa hiyo mrushaji yuleyule, kwa mate yaleyale, yuko sawa kisheria usiku wa ligi mjini Mumbai, na wiki chache baadaye, akivaa jezi nyeupe ya Test, ndiye mchakachuaji anayeipa timu pinzani mikimbio 5.